Unga wa Namba Kumi na Saba

Muktaben alifungua ganda la kwanza la dawa ya mumewe juu ya kisahani cha chuma, akainamisha pua, akangoja. Hakusikia harufu yoyote. Akafungua la pili. Unga mweupe ulidondoka, mwepesi kama poda ya mtoto. La tatu likawa vile vile.

"Rasila," aliita bila kugeuka, "hebu lete chupa ya mumeo."

Rasila, mke wa shemeji yake, alikuwa anakanda unga wa chapati. Alijifuta mikono, akaitoa kabatini chupa iliyobandikwa namba kumi na nane, akalitenganisha ganda moja kwa kucha. Unga haujafika hata kwenye kisahani, jiko zima likanuka kama asubuhi mbele ya mungu. Ilikuwa guguli, utomvu wa kichaka cha miiba, ndugu yake manemane, ule ule wanaoufukiza juu ya kaa la moto kila siku baada ya kuoga. Harufu yake haina mfano. Hata kipofu angeijua.

"Huu wa kwako ni dawa," alisema Muktaben.

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu sijui ni kitu gani."

Rasila akanyoosha kidole auonje. Muktaben akakipiga kidole kile kofi dogo. Katika jiko lao hakionjwi kitu. Chakula hupikwa kwa macho na pua, kikatangulia kwa mungu, kikarudi kwa wanaume, ndipo wanawake wakala. Kilichopita ulimini mwa mtu ni makombo, na makombo hayapewi mkubwa. Miaka thelathini na nane Muktaben ametia chumvi bila kuonja, na amekosea mara mbili tu, zote mbili akiwa na homa.

"Nusa," alisema. "Pua inatosha."

Wakanusa, mmoja baada ya mwingine, chupa namba kumi na saba, ya mume wa Muktaben, kisha namba kumi na nane, kisha kumi na saba tena. Pua zilisema vile vile.

Na wala hawakuwa wamefungua maganda yale kwa udadisi. Lilikuwa neno la Hiraben, mwanamke wa mtaa wa pili, ambaye jana yake kwenye nyimbo za ibada aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Hivi Muktaben, ni kweli mumeo anameza mifupa?" Mwanawe ana duka la dawa, eti amemwambia maganda yale hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe. Wanawake wote wakageuza shingo. Katika ukoo wa Muktaben hata yai halijavuka kizingiti.

Habari ilipofika nyumbani, Vrajlal, mumewe, alikwenda uani akasukutua mara tatu.

"Nimemeza ng'ombe wiki mbili," alisema aliporudi. "Basi. Sitaki tena."

"Dawa je?" aliuliza mkewe.

"Dawa iko ndani. Mfupa uko nje. Toeni mfupa, mniletee dawa."

Ndiyo maana wanawake wale walikuwa jikoni na kisahani.

*

Vrajlal na mdogo wake Jentilal wana duka la ganthia, vitafunio vya kukaanga, karibu na stendi ya mabasi ya mji wa Gondal. Unga wa dengu, chumvi, ajwani, magadi, mafuta yanayochemka. Asubuhi watu wanapanga foleni wapate zikiwa moto, na pilipili ya kukaanga na papai bichi pembeni. Baba yao aliwarithisha karai na mahali pa kusimama. Alianguka hapo hapo mbele ya karai akiwa na miaka sitini na mmoja, mwiko mkononi, wateja wakidhani ameinama kuokota kitu.

Sasa Vrajlal alikuwa na miaka sitini. Daktari wa Rajkot, mji mkubwa wa jirani, alimpima damu, akasema mafuta yamefika mia mbili sitini na mbili, akamwandikia kidonge cha kila siku, maisha yake yote. Vrajlal alikimeza siku kumi na nne. Miguu ikauma kiasi kwamba hakuweza kusimama kukaanga. Akaviweka vidonge juu ya kabati akasema huo ni ugonjwa wa pili walioununua.

Ndipo hospitali ya mitishamba ikatangaza kwamba inatafuta watu wenye mafuta mengi kwenye damu, wasiotumia vidonge, waijaribu dawa ya guguli kwa wiki kumi na mbili. Ndugu wote wawili wakaenda. Jentilal alikuwa na mia mbili arobaini na nane, na hakuwa na hofu yoyote, alifuata kwa sababu kaka yake ameenda.

Jioni ile Vrajlal aliweka mkono juu ya picha ya marehemu mama yake, penye shada la maua. "Nasema mbele ya Ba, mama yangu. Miezi mitatu. Mafuta yakishuka, nyumba hii isinitajie tena vidonge vya Rajkot. Yasiposhuka, nitavimeza hata kama nitakaanga nimekaa."

Muktaben aliridhika. Mume wake ana ubishi, lakini neno alilosema mbele ya picha ile hajawahi kulirudisha.

*

"Daktari ametudharau," alisema Muktaben, chupa mbili mbele yake. "Mkubwa amepewa unga, mdogo amepewa dawa."

"Labda wamekosea."

"Daktari mwenye kompyuta anakosea?"

Rasila aliona aibu hata masikio yakamwaka. Yeye hujifunika kichwa mbele ya Vrajlal tangu siku ya harusi, na hajawahi kusema naye neno moja kwa moja. Akitaka kumwambia chai iko tayari, humwambia ukuta. Sasa mume wake alikuwa anakula dawa ya kaka mkubwa. "Dada, tubadilishe," alisema. "Kumi na nane mpe kaka. Huyu wangu mpe unga, hatajua. Yeye hata ukimpa majivu na asali atalamba kidole."

"Nimnyang'anye mumeo dawa? Akianguka yeye, nitakutazamaje?"

"Basi twende tukamuulize daktari."

"Nani aulize? Siku ya kwanza si walirudi wakatuambia daktari amesema msiulize kilichomo?"

Ni kweli walisema hivyo. Yale mengine aliyoyaeleza daktari, kwamba wengine watapata guguli na wengine unga usio na kitu, ndivyo dawa inavyojaribiwa, na hata yeye mwenyewe hajui nani kapata nini, wale ndugu waliyasikia kwa masikio yao. Lakini kila mtu kwenye benchi la hospitali alijua kwamba hao wa unga ni wale wengine, si yeye. Hawakuona haja ya kuyafikisha nyumbani.

Muktaben akakaa akifikiri. Halafu akashusha mtungi wa kioo uliokuwa na choroko, akaimwaga choroko kwenye ungo, akaupangusa mtungi kwa pindo la sari.

"Nyumba hii ina chungu kimoja," alisema. "Kilichomo wanagawana."

Wakafungua maganda yote mia na ushee, ya namba kumi na saba na ya namba kumi na nane, wakamwaga humo, wakatikisa mpaka weupe na kahawia vikawa rangi moja ya chai ya maziwa. Maganda wakayatupa. Asubuhi na jioni kila mwanaume akapata kijiko kidogo ndani ya asali.

"Ah," alisema Vrajlal siku ya kwanza, uso umekunjamana. "Kumbe ganda lilikuwa linaficha uchungu. Sasa ndiyo dawa hii."

Jentilal alilamba kijiko pande zote mbili. "Shemeji, hakuna kidogo cha kutowelea chapati?"

Chupa za wiki sita za mwisho zilipotolewa, nazo zikaingia mtungini. Chupa tupu zikarudishwa hospitali. Daktari Bijal, msichana mwenye miwani na kalamu nyuma ya sikio, alihesabu, akafurahi. "Laiti wote wangekuwa kama nyinyi," aliwaambia. "Wengine wananirudishia nusu chupa. Nyinyi hata ganda moja halijabaki."

*

Siku ya majibu Vrajlal alirudi na boksi la peremende za maziwa. Aliingia kwa mlango wa mbele, akaweka moja kwa mungu, moja kwa picha ya mama, ndipo akasema.

"Mia mbili na kumi na tisa."

Muktaben alishikilia ukingo wa meza. "Kutoka mia mbili sitini na mbili?"

"Mwenyewe daktari amesoma mara mbili."

"Na Jentilal?"

Jentilal alikuwa anavua viatu. "Mia mbili hamsini na moja. Mimi nimepanda, shemeji. Nafikiri dawa iliniona nikaipendeza, ikaniongezea."

Vrajlal alicheka hadi machozi. Ilikuwa imepita miaka Muktaben hajamsikia akicheka hivyo. Alichukua vidonge vya Rajkot juu ya kabati, akavitia kwenye mfuko wa takataka, akaufunga fundo. Kesho yake dukani alimwambia kila mteja. Mwalimu mstaafu aliyezoea kununua robo kilo aliandika jina la guguli kwenye kiganja. Dereva wa basi akauliza inauzwa wapi. Vrajlal akawa anakaanga huku anatibu.

Na jikoni Muktaben alipanga vidole vyake kama anayesali, lakini alikuwa anahesabu. Mtungi mmoja, watu wawili, kijiko kile kile. Kwa nini mmoja ateremke, mwingine apande?

"Rasila," alisema. "Nikuulize, usinifiche. Nikiwa hekaluni, ulikuwa unapima kijiko vipi?"

Rasila aliendelea kuchagua mchele muda mrefu. "Kwa nani?"

"Kwa wote."

"Cha kaka kilikuwa sawasawa na ukingo." Akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni. "Cha huyu wangu kilikuwa na kichuguu kidogo. Nilisema moyoni, hii ilikuwa dawa yake, sisi tumeigawa."

Muktaben hakukasirika. Alikaa chini kwenye sakafu. "Na mimi nilikuwa naweka kichuguu kwa wangu."

Walicheka kidogo, wakaacha. Kicheko hakikupata pa kukaa.

"Basi nani alikula nini, dada?"

"Mungu anajua. Na halafu kuna Shravan."

Katikati ya zile wiki kulikuwa na mwezi mtukufu wa Shravan, na Vrajlal hufunga mwezi mzima, chakula kimoja kwa siku, kisicho na mafuta, na huenda kwa miguu mpaka hekalu la Shiva nje ya mji na kurudi. Jentilal hafungi. Jentilal hata Jumatatu moja hakufunga. Labda ni guguli iliyoshusha. Labda ni kufunga. Labda ni ule mwendo. Labda ni unga mweupe, nani ajuaye. Na Shravan ilikuwa imekwisha, na Vrajlal alikuwa amerudi kwenye ganthia zake za asubuhi, na vidonge vimo kwenye takataka, na neno la mbele ya picha lilikuwa upande wake.

"Tukinyamaza?" aliuliza Rasila.

"Tukinyamaza ataamini namba ambayo sisi ndio tumeipika. Bila kuonja."

*

Walikwenda hospitali wawili, vichwa vimefunikwa, mtungi ndani ya mfuko wa kitambaa. Unga kiasi cha nusu kikombe ulikuwa umebaki ndani yake. Walingoja kwenye benchi na wagonjwa, na Rasila kila mara aliuinua mfuko asije mtu akaukalia.

Daktari Bijal aliposikia majina yao alinyanyuka. "Karibuni, mama zangu. Baba namba kumi na saba amenipa furaha."

Muktaben aliweka mtungi juu ya meza yake, juu ya makaratasi. Alieleza yote, polepole, bila kujitetea, kama mtu anayesoma mapishi. Mifupa. Kisahani. Harufu. Choroko. Vichuguu. Shravan. Daktari alitoa kalamu nyuma ya sikio, akairudisha, akaitoa tena.

"Mama," alisema mwishoni, "ganda lile limetengenezwa kwa miti. Hakuna mfupa. Imeandikwa kwenye karatasi aliyosaini mumeo, ukurasa wa tatu."

Rasila aliangalia sakafu. Karatasi ile aliijua. Alikuwa ameitandika kwenye rafu, chini ya mtungi wa samli, kwa sababu ilikuwa nzito na nzuri.

"Mngeniuliza, ningewajibu kwa neno moja."

"Ulisema tusiulize kilichomo."

Daktari akavuta daftari kubwa, akatafuta namba kumi na saba, akachora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukurasa. Akachora na kumi na nane. Alichora taratibu, kwa rula, na Muktaben akaona ni mistari ya mtu anayekata nguo aliyoishona mwenyewe. Miaka miwili ya kazi, watu sitini, sasa hamsini na nane.

"Tumekuharibia," alisema Muktaben.

"Mmeniambia. Wasioniambia ndio wanaoniharibia, na siwajui ni wangapi."

"Basi niambie jambo moja tu nirudi nalo. Guguli inashusha au haishushi?"

"Sijui, mama."

"Wewe daktari hujui?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa nampa mumeo unga?"

Neno hilo Muktaben alilitafakari njia nzima, akaliona lina pande nyingi, na hakuna upande ulioshikika. Walichorudi nacho ni hiki: Vrajlal asitumie kitu chochote, ale anavyokula siku zote, apimwe tena baada ya sikukuu ya Divali. Kisha aende Rajkot na karatasi ya majibu, na aseme habari ya miguu, maana vidonge viko vya aina nyingi.

*

Vrajlal aliambiwa baada ya chakula, akiwa amekaa kwenye bembea ya sebuleni. Aliposikia neno unga alisimamisha bembea kwa kidole cha mguu.

"Nimewaambia watu wa soko zima," alisema.

"Najua."

"Mwalimu amenunua guguli ya kufukizia, anaila."

"Kamwambie aache."

"Nimwambie nini? Kwamba nyumbani kwangu wanawake ndio wanaotoa dawa kwa kichuguu?"

Rasila, nyuma ya mlango, aliuambia mlango: "Dada, mwambie kaka mkubwa kosa ni langu. Mimi ndiye niliyetaka tubadilishe."

"Mwambie," alijibu Vrajlal akitazama dari, "nimesikia."

Jentilal alikuwa anamenya njugu. "Kaka, labda ni ule unga. Maisha yote tunauza unga, kumbe ndiyo dawa. Tubandike bei mpya."

Vrajlal aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo Muktaben aliisikia mara ya mwisho siku baba yao alipobebwa kutoka kwenye karai: "Basi mimi nilipungua kwa nini?"

"Sijui," alisema mkewe.

"Mimi nilihisi nafuu. Kifua kilikuwa chepesi. Na hicho nacho mlikichanganya?"

Vrajlal aliisukuma bembea, ikaenda, ikarudi. Siku nne hakusema na mkewe ila kuhusu maji ya kuoga. Siku ya tano alimpitia mwalimu mstaafu nyumbani kwake, akakaa huko saa nzima, akarudi ameinama.

*

Divali ilikuja na peremende zake na samli yake, ikapita. Damu ikapimwa. Mia mbili hamsini na nane.

Vrajlal aliisoma namba ile mbele ya picha ya mama yake, akaikunja karatasi mara nne. Angeweza kusema zile wiki kumi na mbili zilikwisha na neno lake lilitimia. Jentilal alimwambia hivyo hivyo. Akasema Ba hakuwa mtu wa kuchezewa hesabu, akapanda basi la Rajkot. Daktari wa kule akampa kidonge kingine, cha waridi, kidogo kuliko punje ya dengu, akamwambia miguu ikiuma arudi, asijiamulie.

Usiku Muktaben alimletea glasi ya maji. Vrajlal alikiweka kidonge ulimini, akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko inavyohitajika kumeza. Kisha akakitoa, akakiweka kiganjani, kikiwa kimeng'aa.

"Hakina uchungu," alisema.

"Meza tu."

"Guguli ilikuwa chungu. Hiki hakina kitu. Nitajuaje si unga?"

"Kimetoka Rajkot."

"Na ule ulitoka hapa hapa." Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza, kama mtu aliyepotea njia anavyomuuliza wa kwanza anayekutana naye. "Wewe uliyeyafungua maganda yote, niambie. Hiki ni nini?"

Muktaben alitazama kiganja cha mumewe. Angeweza kusema sijui, na ingekuwa kweli. Neno hilo alikuwa amelisema mara nyingi tangu Shravan. Alikitoa kidonge cha pili kwenye karatasi yake, akakileta puani. Hakikunuka. Akakaa kidogo. Halafu yeye, ambaye kwa miaka thelathini na nane hakuwahi kumpa mume wake kitu kilichogusa ulimi wake, alikiweka mdomoni.

Kilikuwa kitamu kidogo juu, kama sukari ya keki, na chini yake hapakuwa na ladha ya kitu chochote duniani.

Vrajlal alikuwa anamtazama uso.

"Kichungu," alisema Muktaben, akakunja sura.

Akakitoa, akampa. Naye akakipokea kile cha mkewe, si kile chake, akakimeza na maji yote.